Msonobari kwenye ardhi iliyomomonyoka: umepona ukame kweli, au umerudisha rangi tu?

Kila ukame ukipita kwenye vilima vilivyopandwa misonobari (wengine tunaita mipaini) ubishi ni uleule. Kuna wanaosema huu mti ni kiboko, udongo umekwisha mawe yako nje na wenyewe bado umesimama, mvua ikirudi unakuwa kijani tena, basi tuendelee kupanda. Wengine wanasema huko ni kujidanganya, ule mti unakufa taratibu.

Wa kwanza wana hoja. Msonobari ukihisi udongo unakauka unafunga vitundu vya majani mapema, maji hayapotei ovyo. Alafu mti uliokulia kwenye shida ni mdogo, majani machache, hauna matumizi makubwa ya maji kama ule ulionenepa kwenye udongo mzuri. Na mfano upo, Ufaransa walitunga sheria mwaka 1860 na tena 1882 za kuokoa milima iliyokuwa inaliwa na makorongo, wakapanda sana msonobari mweusi wa Austria kwenye miteremko ya Alps, na misitu hiyo ipo mpaka leo. Hilo sio jambo dogo.

Ila sasa, kufunga vitundu kuna gharama. Hewa ya kutengenezea chakula nayo haiingii, kwahiyo mti unaanza kula akiba, na ukame ukivuta sana akiba inapungua mpaka utomvu wa kujikinga na wadudu unakuwa haba, hapo ndo mbawakawa wa magome wanaingia. Kusini magharibi mwa Marekani mwaka 2002 na 2003 misonobari ilikufa kwa wingi kabisa kwa mchanganyiko huo huo wa ukame na mbawakawa. Kwenye ardhi iliyomomonyoka hali ni ngumu zaidi maana lile tabaka la juu ndo lilikuwa na mboji ya kushika maji na kuvu wanaoishi kwenye mizizi na kuisaidia kunyonya, na msonobari bila hao kuvu unadumaa. Kule Changting, China, udongo mwekundu ulioshwa na mvua mpaka misonobari ikabaki mifupi miaka na miaka, watu wakaiita vizee vidogo.

Ukitaka kuona mwenyewe shika tawi. Sindano, yaani yale majani yake membamba, hazidondoki mwaka huohuo, nyingi zinakaa miaka miwili mitatu au zaidi, kwahiyo ukianzia nchani kurudi nyuma unasoma miaka. Utakuta kipande kimoja sindano ni fupi na zimebanana, huo ndo mwaka wa ukame, na mti unaendelea kuzibeba hizo sindano fupi hata mvua ikinyesha vizuri, yaani unafanya kazi na majani pungufu wakati kwa mbali unaonekana kijani safi. Utafiti wa pete za miti (zile duara za ukuaji za kila mwaka ndani ya shina) wa dunia nzima uliotoka 2015 ulionyesha ukuaji unabaki nyuma mwaka mmoja mpaka minne baada ya ukame mkali, na jamii ya misonobari na sehemu kavu ndo ziliathirika zaidi.

Kwahiyo mimi naegemea kwa hao wa pili, ingawa sikubali wakisema tuache kupanda, korongo lililo wazi ni baya kuliko msonobari uliodumaa. Kosa naliona kwenye kupima, watu wanaangalia rangi msimu mmoja wanatangaza umepona, na ukame wa pili ukija kabla sindano fupi hazijabadilishwa unaukuta mti hauna kitu. Kingine ni msongamano, mwanzoni unapanda karibu karibu ili kufunika ardhi haraka, ni sawa, ila ikishakua lazima upunguze, maji ya udongo wa kiganja kimoja hayatoshi mashina yote hayo. Na zile sindano zilizodondoka tafadhali zisifagiliwe kwenda kuwashia moto, ziacheni chini, ndo udongo wenyewe unaanza kurudi hapo, sentimita kwa sentimita.