Wanafunga Shule, Chanika Wanaingia kwa Zamu

Jumatatu iliyopita nilikaa kwenye kikao cha bodi ya shule za mji wetu, kaskazini mwa Dallas, Texas, tangu saa moja jioni mpaka karibu saa tano usiku. Ajenda kubwa ilikuwa moja: shule zipi zifungwe. Majengo hayana ubovu wowote. Viyoyozi vinafanya kazi, maktaba ina vitabu, uwanja una nyasi. Watoto ndio hawapo.

Mama mmoja akaenda kwenye kipaza sauti. Kila msemaji hupewa dakika tatu, na saa iko mbele yake inarudi nyuma. Akasema wanawe wawili wamesoma pale, wa tatu amebakiza mwaka mmoja. Akaanza kueleza jinsi mkutubi wa shule alivyomzoesha mwanawe mwenye kigugumizi kusoma kwa sauti, na kabla hajamaliza saa ikalia. Akakunja karatasi yake mara nne, akarudi kukaa.

Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe wa sauti wa dada yangu wa Chanika, Dar es Salaam, niliousikiliza asubuhi nikienda kazini. Mwanawe wa darasa la tatu kahamishiwa mchana, asubuhi wameshajaa. Anatoka nyumbani saa tano na nusu, anarudi giza limeingia, na njiani kuna barabara ya malori ya mchanga.

Nina miaka kumi na moja Marekani, na jambo ninalotaka kuwaambia ndugu zangu wa nyumbani Tanzania ni hili: msimwamini anayewaambia huku shule ni bure. Shule ya bure Texas hakuna. Tofauti ni kwamba wenzetu bei yake wanaijua, na wanaigombania mbele za watu.

Kila Oktoba napokea karatasi ya kodi ya majengo, na mwisho wa kulipa ni Januari 31. Imeandikwa mstari kwa mstari: mji, kaunti, chuo cha jamii, shule. Mstari wa shule peke yake kwangu unachukua karibu nusu. Aliyepanga naye analipa, ila ya kwake imejificha ndani ya pango. Jirani yangu hana mtoto hata mmoja na analipa vilevile. Ndiyo maana kwenye kikao kile alikuwepo, kachapisha bajeti nzima, kaipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Wajumbe wa bodi walimsikiliza. Ni watu waliochaguliwa kwa kura na hawalipwi mshahara. Mimi kura sina kwa kuwa bado si raia, lakini zile dakika tatu ninazo.

Nyumbani nako kodi ya majengo tunalipa. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU: ukinunua umeme, imeshakwenda. Dada yangu anailipa kila mwezi na hakuna aliyewahi kumwonyesha karatasi yenye mistari.

Nirudi kwenye idadi ya watoto, maana kila kitu kinaanzia hapo. Texas inagawa fedha za shule kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku. Kuandikishwa tu hakutoshi. Mwanangu akibaki nyumbani kwa mafua, simu inapigwa kabla ya mchana kuuliza yuko wapi. Mwaka wa kwanza nilidhani ni upendo. Upendo upo, walimu wake nawaheshimu sana, lakini nyuma yake kuna hesabu: kiti kikiwa kitupu, fedha hazifiki. Kiwango cha msingi kwa mtoto kilikaa dola 6,160 tangu 2019, huku bei za vitu zikipanda, mpaka mwaka 2025 bunge la jimbo lilipoongeza dola 55, na fungu jingine kando kwa mishahara ya walimu. Na darasa la watoto 14 linahitaji mwalimu, taa na basi sawa na darasa la watoto 24.

Watoto wamekwenda wapi? Wazazi vijana hawawezi tena bei ya nyumba kwenye vitongoji hivi vya zamani. Wanasogea mbali zaidi kaskazini, Prosper na Celina, ambako shule mpya zinajengwa kila kukicha. Waliobaki huku ni wale ambao watoto wao wamekua na kuondoka. Vizazi navyo vimepungua. Juu ya hayo, ile misaada ya serikali kuu ya wakati wa UVIKO, karibu dola bilioni 190 kwa nchi nzima, ilifika ukomo Septemba 2024. Mwaka huohuo Plano walipiga kura kufunga shule nne, na Lewisville tano. Hivyo ni vitongoji ambavyo ukipita kwa gari utasema hapa shida haijui njia.

Nisije nikaonekana nalaumu tu. Siku niliyomwandikisha mwanangu, karani aliniomba cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, na bili ya umeme yenye anwani. Pasipoti hakuuliza, wala viza. Hilo lina historia: shule za mji wa Tyler, hapahapa Texas, ziliwahi kudai ada kwa watoto wasio na vibali, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba hakuna mtoto wa kufungiwa mlango wa shule ya umma kwa sababu hiyo. Fomu nyingine iliuliza tunaongea lugha gani nyumbani. Nikaandika Kiswahili. Wiki ile ile akapimwa Kiingereza, akapewa mwalimu wa kumsaidia. Nilitoka pale nikaenda kukaa ndani ya gari dakika kadhaa bila kuliwasha.

Lakini ile bili ya umeme! Hiyo ndiyo inayoamua mtoto asome wapi. Ukiwa upande huu wa barabara, ni shule ile, ukivuka, nyingine. Na kwa kuwa fedha nyingi zinatokana na thamani ya nyumba, mtaa maskini umekuwa ukipata shule maskini. Wazazi wa Edgewood, San Antonio, walilipigania hilo mahakamani. Watoto wao walisoma kwenye majengo mabovu huku majirani wa Alamo Heights wana kila kitu, ingawa watu wa Edgewood ndio waliokuwa wanatozwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikawaambia kwamba elimu si haki ya msingi katika Katiba ya Marekani. Ilibidi waanze upya kwenye mahakama za jimbo. Wakashinda mwaka 1989, na mwaka 1993 ukaja utaratibu wa wilaya za shule zilizo tajiri kurudisha sehemu ya fedha zigawiwe wengine. Miaka ishirini ya watoto ilipita katikati. Kwa hiyo mtu asiniambie mfumo huu umeshuka kutoka mbinguni.

Na orodha ya vifaa huku ipo. Kila Agosti nanunua penseli dazeni mbili, gundi, mikasi, daftari, na maboksi manne ya karatasi laini za kupangusia pua, ambayo si ya mwanangu bali ya darasa zima. Nimeikalia orodha hiyo nikakumbuka yangu ya darasa la kwanza: fagio la chelewa, ndoo, jembe, kidumu cha maji. Ya mpwa wangu mwaka huu ni rimu ya karatasi, fagio, na fedha ya uji. Wazazi wa Texas na wa Chanika wote wanaziba mapengo ya bajeti.

Sasa nyumbani. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 nilifurahi, na bado naiunga mkono kwa moyo wangu wote, kwa sababu najua watoto wa mtaani kwetu waliokaa nyumbani kwa kukosa ada na michango. Darasa la kwanza lilifurika nchi nzima, ishara kwamba watoto walikuwepo siku zote. Mwishoni mwa 2021 yakajengwa madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO, na yamesaidia. Ila tazama ruzuku ya uendeshaji. Kiwango cha shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka kiliwekwa mwaka 2002, wakati huo ni kama dola 10. Mwaka 2016 kilikuwa bado shilingi 10,000 zilezile, thamani yake imeshuka chini ya dola 5, na katika hiyo 6,000 ndiyo ya kwenda shuleni, 4,000 ya vitabu. Mishahara ya walimu inatoka hazina kwa fungu lake, kwa hiyo si haki kuiweka 10,000 kando ya 6,160 ya Texas ukasema ndiyo tofauti. Hata hivyo chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na umeme vyote vinaisubiri hiyo elfu sita.

Kinachoniuma ni namna neno "bure" lilivyowafunga wazazi midomo. Ukiambiwa ni bure utauliza nini? Unashukuru. Mwalimu mkuu naye anabaki katikati: akiomba mchango anaonekana mkorofi, akinyamaza hana rimu. Na sisi wa nje hatusaidii. Tunawahamisha wapwa zetu kwenda English medium, kisha mara moja kwa mwaka tunachangia madawati ishirini na kupiga picha. Nimefanya hivyo mwenyewe. Mzazi aliyemtoa mtoto wake shule ya mtaa hana tena sababu ya kwenda kwenye kikao chake, na waliobaki ndio wenye sauti ndogo.

Shule zetu zinatakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo. Nilimwomba dada aende akaangalie. Ubao ulikuwa na ratiba ya mitihani na tangazo la chanjo.

Jumamosi kuna kikao cha wazazi. Nimemwambia, dada, nenda uulize kwa heshima, mbele ya wote. "Mdogo wangu, mwalimu mkuu atanionaje?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba huenda mwalimu ndiye atakayefurahi kuliko wote mtu akiuliza. Jana usiku akanitumia picha ya ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mwanawe. Kaandika kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa: ruzuku iliingia lini, ni kiasi gani, ilihesabiwa kwa watoto wangapi. Chini yake kaongeza swali ambalo mimi sikumpa: matundu ya choo ya wasichana yanayofanya kazi ni mangapi.