Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Kwa Nini WipEout Haijafa

Kila anayeshika WipEout, gemu ya mbio za vyombo vinavyoelea, kwa mara ya kwanza huanza kwa kugonga ukuta. Chombo kinaelea, hakina magurudumu ya kung'ang'ania lami, na mazoea yote uliyoyapata kwenye gemu za magari hayakusaidii kitu. Ukikata kona kama unavyoikata kwa gari, pua inageuka lakini mwili unaendelea kwenda kulekule ulikokuwa ukienda. Halafu siku moja, baada ya kugonga sana, kidole cha kushoto kinabonyeza breki ya hewa ya upande huo kitambo kidogo kabla ya kona, mkia unafunguka, pua inaingia ndani, unaachia, na chombo kinatoka upande wa pili na kasi yake yote. Kuanzia hapo hutoki tena.

Mimi sijatoka. Toleo ninalolirudia zaidi ni WipEout Omega Collection, lililotoka Juni 2017 kwa ajili ya PlayStation 4, ambalo limekusanya na kukarabati WipEout HD, nyongeza yake Fury, na WipEout 2048. Kwa miaka yote niliyolicheza nimekuwa nikiulizwa kwa nini narudia gemu ya zamani iliyopakwa rangi upya. Jibu langu ni kwamba haikupakwa rangi tu. Ukarabati wa gemu ya mbio unapimwa kwa vidole kabla ya macho, na kwa kipimo hicho sijaona kazi iliyofanywa kwa heshima kubwa kuliko hii.

Macho nayo yana haki yake. Kwenye PS4 Pro gemu inakimbia kwa ubora wa 4K, rangi zimekolea, njia ni 26 na vyombo 46. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya kusifia. Kazi ngumu ilikuwa kuchukua gemu mbili zilizoundwa kwa mashine tofauti kabisa, moja ya kuunganishwa na televisheni na nyingine ya kushika mkononi, na kuziweka chini ya paa moja bila kuharibu uzito wa chombo. WipEout HD ilikuwa tayari na fremu 60 kwa sekunde tangu ilipotoka kwenye PS3 mwaka 2008. Watengenezaji wake walipanga kwamba mashine ikizidiwa, ipunguze vinukta vya picha kwa upana kimyakimya kuliko kuangusha fremu. Walikuwa tayari kupoteza uzuri kidogo ili mkono usipoteze chochote, na uamuzi huo unanieleza karibu kila kitu kuhusu watu wale.

Ndugu yake mdogo, 2048, hakuwa na bahati hiyo. Kwenye PlayStation Vita, ile mashine ya kushika mkononi, alikimbia kwa fremu 30. Fremu 30 maana yake picha mpya inakuja kila baada ya milisekunde 33 hivi. Kwa fremu 60 inakuja kila baada ya milisekunde 17 hivi. Kwenye gemu ya kujenga mji hutaona tofauti kubwa. Kwenye daraja la Phantom, ambalo ni la mwisho na la kasi zaidi baada ya Venom, Flash na Rapier, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kona umeiona au umeikisia. Njia za 2048 ni za mjini, zina mapindo mengi, zinapita katikati ya majengo, na nilipozicheza kwenye Vita nilikuwa nazikariri kama sala kwa sababu macho peke yake hayakutosha. Zilipokuja kwenye Omega na fremu 60 niligundua kwamba baadhi ya kona nilizoziona katili hazikuwa katili. Zilikuwa zinachelewa kunifikia.

Sehemu ninayoitumia kumshawishi mtu ni Zone. Hapo hakuna mpinzani, hakuna silaha, hakuna kubonyeza mwendo. Chombo kinaongeza kasi chenyewe, hatua baada ya hatua, na wewe unabaki na uskani na breki za hewa tu. Kila ukigusa ukuta nguvu inapungua, na ikiisha umekwisha. Njia inavuliwa mapambo yote, inabaki rangi kavu na mistari, na rangi hizo zinabadilika kadiri unavyopanda. Mwanzo unaona ni mchezo wa kitoto. Ukifika mbali unaacha kufikiri kwa maneno: mkono unajibu kabla hujaamua. Nimewahi kumaliza raundi moja ya Zone na kukuta kwamba nimesahau kupepesa macho, machozi yananitoka. Sijui gemu nyingine inayoweza kumtoa mtu katika makelele ya siku yake kwa haraka hivyo.

Na kwa anayeanza: washa msaada wa rubani, ule unaokusukuma taratibu mbali na ukuta. Usione haya. Utajua mwenyewe siku ya kuuzima, maana siku hiyo utauona unakuzuia.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hivi viliundwa Liverpool, Uingereza. Studio iliitwa Psygnosis, iliyoanzishwa mwaka 1984 na kununuliwa na Sony mwaka 1993. WipEout ya kwanza ilitoka Septemba 1995, pamoja na PlayStation yenyewe ilipoingia Ulaya, na ilifanya jambo ambalo leo tumelizoea hadi hatulioni tena: iliitendea gemu kama sehemu ya utamaduni wa watu wazima, wenye muziki wao na mavazi yao na namna yao ya kuutazama ulimwengu. Nembo na maandishi yalibuniwa na The Designers Republic wa Sheffield. Muziki uliandikwa na Tim Wright kwa jina lake la kisanii CoLD SToRAGE, na toleo la Ulaya likaongeza nyimbo za Leftfield, Orbital na The Chemical Brothers. Kulikuwa na watu wasiowahi kugusa padi waliokuwa wanazijua nembo zile.

Timu zinazoshindana ndani ya gemu nazo zilipewa uhai. Feisar ni muungano wa Ulaya, chombo chake ni kipole na kinamstahimili mgeni. Qirex ni chombo kizito cha Warusi. Mwaka 1999, katika Wip3out, iliingia Assegai, timu ya Afrika, jina lake ni la mkuki, na chombo chake ni chembamba na chepesi kugeuka. Nakiri kwamba nilianza kukitumia kwa sababu ya asili yake tu. Nilibaki nacho kwa sababu kwenye njia zenye kona za mfululizo kinafuata kidole kana kwamba kimefungwa uzi. Ilinigusa, na bado inanigusa, kwamba waliouchora mustakabali huo hawakutuacha nje, wala hawakutuweka kama mandhari ya nyuma. Walituweka kwenye mstari wa kuanzia, tukiwa na mashine ya kushinda.

Mwanzoni mwa 2012 studio hiyo ya Liverpool ilitoa 2048. Agosti mwaka huohuo Sony iliifunga. Kwa hiyo Omega Collection ilipotoka miaka mitano baadaye, nyumba iliyouzaa mfululizo haikuwapo tena. Kazi ilisimamiwa na kitengo cha XDev cha Sony, kilichopo Liverpool vilevile, pamoja na studio ndogo za Clever Beans na EPOS. Kurithi mashine ya mwenzako ni kazi ya kutisha. Kishawishi ni kikubwa cha kuonyesha kwamba nawe upo, cha kulainisha hapa na kuongeza kule. Wao walijizuia. Breki za hewa zinauma palepale zilipokuwa zinauma. Mzunguko wa chombo angani, ule unaoupata kwa kusukuma kijiti kushoto, kulia, kushoto ukiwa umeruka, bado unakula nguvu zako na kukulipa msukumo ukitua. Ukiufanya huku nguvu zimekaribia kwisha, bado unakulipua. Mtu aliyekuwa bingwa wa HD aliweza kukaa chini na kuendelea.

Na kuna watu ambao hawakuwahi kuacha. Mashabiki wa WipEout sio wengi wakilinganishwa na wa gemu za mpira au za bunduki, lakini nimejifunza kuwaheshimu kwa sababu upendo wao una ufundi ndani yake. Wapo wanaotetea hadi leo kidhibiti cha neGcon cha Namco, kile kinachopindwa katikati kama unakamua kitambaa, wakiamini kwamba gemu za kwanza hazina uskani bora kuliko huo. Nami nilipokijaribu nilikubaliana nao ndani ya mizunguko miwili. Wapo waliogundua mwaka 2005 kwamba WipEout Pure ya PSP, mashine ya mkononi ya Sony iliyotangulia Vita, kwa kuwa ilikuwa na mlango wa kupakulia nyongeza, ilikuwa imeficha kivinjari kizima cha intaneti; wakabadilisha mipangilio ya mtandao, wakawa wanatembelea intaneti kupitia gemu ya mbio kabla Sony haijaiwekea mashine hiyo kivinjari rasmi.

Waliokosa gemu mpya wakajiundia. BallisticNG imetengenezwa na wapenzi wa gemu zile za miaka ya tisini, na ukiicheza unaona ni watu waliopima kila pembe ya kuinamisha pua. Redout ilitoka Italia ikiwa na kasi ya kichaa na uskani wa vijiti viwili. Msimbo wa toleo la Windows la WipEout ya kwanza ulipovuja mwaka 2022, programa mmoja aliuchambua, akauandika upya sehemu kubwa, na mwaka uliofuata gemu ya 1995 ikawa inachezeka ndani ya kivinjari, ikiwa laini kuliko ilivyowahi kuwa. Hakuna aliyemlipa. Nilipoifungua na kusikia muziki ule unaanza, nilikaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kubonyeza chochote.

Hapa ndipo penye malalamiko yangu kwa wenye mali. Omega ni kazi njema, lakini imefungwa. Inachezeka kwenye PS4 na PS5 peke yake, na wamiliki wa kompyuta hawana mlango halali. Machi 2018 iliongezewa uhalisia pepe, bure, gemu nzima na sio kionjo, na ukiwa ndani ya chumba cha rubani unaposhuka mteremko wa njia, tumbo linakuja kooni kwelikweli. Kwangu hakuna gemu iliyokitumia kifaa kile, kofia ya PlayStation VR, vizuri zaidi. Halafu kikaja kifaa kipya, PlayStation VR2, ambacho hakisomi gemu za kifaa cha zamani. Maana yake ni kwamba njia bora ya kuicheza WipEout imebaki kwenye kofia ambayo mashabiki wanaihifadhi kwa tahadhari, wakiombea waya usikatike. Kazi ilishafanyika. Watu walishalipa. Inahitaji kuvushwa tu.

Kubwa zaidi kwangu ni kilichoachwa nje. Omega imekusanya mwisho wa safari na kuuacha mwanzo. WipEout ya 1995, WipEout 2097 ya 1996 na Wip3out ya 1999 hazimo, na wala Pure ya 2005 na Pulse ya 2007 hazikukarabatiwa kwa namna hii. Najua kikwazo kimoja cha kweli, nacho ni muziki: nyimbo za wasanii wakubwa huwa na mikataba yenye ukomo, na 2097 bila The Prodigy na Future Sound of London ingekuwa na shimo katikati. Lakini nyimbo za CoLD SToRAGE zilitungwa kwa ajili ya gemu hiyohiyo, na bado zina wasikilizaji. Zingetosha kuanzia, na zilizobaki zijadiliwe mezani na wenye haki.

Huwa naambiwa kwamba ninachotaka ni gemu mpya. Sikatai, ikija nitapanga foleni. Ila gemu mpya sio mbadala wa kuzitunza zilizopo. Mtu anayeunda mpya bila kuzishika za zamani atarudia makosa waliyoyarekebisha watu wa Liverpool tangu miaka ya tisini. Angalia tofauti kati ya ile ya kwanza na 2097: kwenye ya kwanza ukigusa ukuta unasimama kama umegonga mwamba, mwaka mmoja baadaye unakwaruza na kupungua kasi, kisha unaendelea. Badiliko hilo moja liliifungua gemu kwa maelfu ya watu, na lilikuwa uamuzi wa mtu fulani aliyekaa akacheza, akagonga, akajiuliza. Mwanafunzi wa ubunifu wa gemu anapaswa kuweza kuzicheza zote mbili mchana mmoja, kwenye mashine anayoweza kuinunua leo, na kuisikia tofauti hiyo kwenye mkono wake.

Kwa hiyo ombi langu kwa watakaokabidhiwa kazi ya kuzikarabati gemu zile za mwanzo, kama itakuja, ni dogo. Leteni fremu 60, leteni skrini pana, ruhusuni vidhibiti vya kila namna na kile kinachopindika kikiwemo. Fizikia msiiguse. Wekeni msaada wa rubani pembeni kwa anayeuhitaji. Na ule ukuta wa 1995 unaokusimamisha papo hapo, unaotuudhi sote, uacheni pale ulipo.