Kalafati ya Soksi

Ukioa Finland, umeoa na mökki: kibanda cha mbao kando ya ziwa, choo kinachomwagiwa maranda badala ya maji, sauna ya kuni, yaani chumba cha kuogea mvuke, na mashua ya makasia. Huwezi kuchagua kimoja ukaacha vingine. Ikifika Juhannus, sikukuu ya kiangazi inayoangukia Jumamosi kati ya tarehe 20 na 26 Juni, miji hubaki mitupu na kila mtu yuko ziwani. Kwetu ni Saimaa, ambako siku hizo jua halizami hadi karibu saa tano usiku.

Mwaka huo Baba alikuwa amekuja kututembelea kutoka Pemba. Umri wake wote ni wa baharini. Alipoliona Saimaa alichovya kidole, akaonja, akatema. "Haya maji ya kupikia wali," alisema. "Huku mnasafiri juu ya maji ya kupikia wali?"

Sasa kuhusu mashua. Ni ya faiba, urefu mita 4 na ushei, na hukaa nchi kavu baridi nzima. Chini kabisa ya tezi, yaani sehemu ya nyuma, ina tundu, upana wa kidole gumba. Si kasoro. Chombo kikiwa ufukweni, omo, yaani mbele yake, limepandishwa juu ya gogo, maji ya mvua hutiririka hadi nyuma yakatokea hapo. Kabla ya kushuka ziwani tundu huzibwa kwa kizibo cha mpira chenye skrubu katikati: ukiikaza skrubu, mpira unatanuka na kubana. Wenye akili hukifunga kizibo kwa kamba fupi kwenye mashua yenyewe. Baba mkwe yeye hukitundika kwenye msumari, chumba cha kuvulia nguo cha sauna, karibu na taulo.

Tulipokuwa tunapakia mizigo, binti yangu alisema, "Mama, mashua ina tundu."

"Ndiyo, mwanangu," mke wangu alijibu kutoka gatini. "Ni la kutolea maji."

Jibu sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba tundu lenyewe halikuambiwa.

Safari ilikuwa fupi, hadi kisiwa cha mbele, kuvua ahven, samaki mwenye mistari na miiba mgongoni. Kuvua kwa ndoano na mti hakuhitaji kibali. Tulibeba mkebe wa minyoo, mkate mweusi na siagi, hotpoti ya pilau, na sanduku la bati la kukaushia samaki kwa moshi. Chini ya sanduku hilo unaweka viganja viwili vya vibanzi vya mti wa leppä, visivyo na maganda maana maganda huleta uchungu. Unaongeza kibonge kimoja cha sukari kwa ajili ya rangi, kisha trei ya kukinga mafuta, kisha wavu wenye samaki waliokolezwa chumvi. Funika, weka motoni, nusu saa. Usifungue katikati, hewa ikiingia vibanzi vinawaka na samaki anakuwa mkaa. Mimi na binti tulikaa omo, baba mkwe kwenye makasia, na Baba, mzito kuliko wote, na jaketi okozi juu ya koti juu ya kanzu, akakaa tezi kama nahodha.

Mashua ikiwa tupu tundu huwa juu ya maji kidogo. Baba alipokaa, likashuka. Tundu la sentimita 2, likiwa sentimita 10 chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 10 kwa dakika. Na kadiri chombo kinavyokuwa kizito ndivyo tundu linavyozidi kuzama na maji kuongeza kasi. Wa kwanza kupata habari ni minyoo: mkebe wao ulinipita miguuni unaelea.

Baba mkwe akatazama chini. "Maji," akasema, akaendelea kupiga makasia.

Upo wa kufulia maji ulikuwa umebaki gatini, umejaa viluwiluwi vya binti yangu. Nikashika sanduku la samaki nikaanza kufua kwa hilo, vibanzi na sukari vikitangulia ziwani.

"Nyote omo!" Baba akaamuru. "Inueni tezi!" Tukajibana mbele, mtoto juu ya hotpoti. Tezi ikanyanyuka kidogo, maji yakapungua kasi lakini hayakukoma. "Tezi na omo, marejeo ni ngamani," Baba akasema, na kweli mkate ulikuwa umeshafika huko chini maji yanakokusanyika. Kisha akapiga magoti, akalipapasa tundu. "Pamba ipo? Mafuta ya nazi?"

Hakuna.

"Huyo mkwe mwenzangu kavaa soksi?"

Mwezi wa sita, ndani ya mabuti ya mpira, alikuwa amevaa soksi nene za sufu zilizofumwa na mkewe. Nikatafsiri. Baba mkwe akafikiri. "Ya kushoto au ya kulia?"

Baba akaisokota soksi kama utambi, akaipaka siagi yote, akaishindilia kwenye tundu kutoka ndani kwa mpini wa kisu. Hiyo ndiyo kalafati: nyuzi hulowa zikavimba, mafuta hukataza maji. Likabaki tone moja moja. Tukageuza, tukarudi gatini. Mke wangu alikuwa bado anapiga video. Samaki hatukupata, lakini pilau lilikuwa kavu na la moto.

Jioni tukaipandisha mashua ufukweni, omo juu ya gogo, kama desturi. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi tukaikuta imejaa hadi kwenye mbao za kukalia, kwa sababu tundu la kutolea maji lilikuwa limezibwa barabara.

Baba mkwe alivuta soksi kwa vidole, akavuta kwa koleo, mwisho akaleta kizibuo cha mvinyo. Baba alimtazama huku anakunywa kahawa.

"Mwambie mkwe," akaniambia, "kalafati haichomolewi. Hungojewa ioze."

Nikatafsiri. Baba mkwe akaketi, akavua ile nyingine, akamkabidhi Baba. "Ya akiba," akasema.