Ubapa wa Pili Usiwe Mdogo Wake wa Kwanza

Inaudhi. Unashika kisu cha kukunja cha bapa mbili, mpini mzuri, riveti zimekaa sawasawa, unafungua ubapa mkubwa wenye ncha ya klipu, yaani mgongo umekatwa kuelekea mbele ncha ikawa nyembamba, na moyo unafurahi. Kisha unafungua wa pili. Ni mdogo wake: tumbo lilelile la makali, yaani ule mkunjo wake, ncha karibu ileile, urefu tu ndio umepungua nusu. Huo ndio wanaouita peni, jina lililobaki tangu zama za kuchonga kalamu za manyoya. Kama wewe bado unaandika kwa unyoya wa bata bukini, hongera, umehudumiwa. Sisi wengine tumeuziwa ubapa mmoja mara mbili.

Swali la kuuliza unapochagua jozi ya bapa ni moja tu: huu wa pili unafanya nini ambacho wa kwanza hauwezi? Kama jibu ni "ni mdogo zaidi", rudisha kisu mahali pake.

Tuanze na ule mkubwa, maana hapo sina ugomvi na mtu. Klipu au ncha ya mkuki, yoyote. Klipu ina ncha nyembamba na tumbo zuri la kuchuna na kukata vipande. Ncha ya mkuki ni nene kidogo na haivunjiki haraka. Chagua kwa mazoea ya mkono wako, tusonge mbele.

Ubapa wa pili uwe wa makali yaliyonyooka. Namaanisha kunyooka kama rula, mgongo ndio unaoinama kwenda kukutana na makali mbele. Waingereza na Wamarekani wana majina mawili ya umbo hili: mgongo ukishuka ghafla mwishoni wanaufananisha na mguu wa kondoo, ukiteremka taratibu na kuacha ncha kali wanauita Wharncliffe. Vyovyote iwavyo, faida ni ileile, na watu hawaioni mpaka walaze ubapa juu ya kitu bapa. Weka ubapa wa tumbo juu ya kadibodi: sehemu inayogusa ni kidogo mno, basi ukivuta kisu kando ya rula unapigana na mkunjo wake. Weka ulionyooka: unagusa kwa urefu wote, ncha iko kwenye mstari uleule wa makali, na nguvu ya mkono inafika mpaka mwisho. Kamba nayo ni hivyohivyo. Kwenye tumbo kamba huteleza kuelekea nchani na kuchomoka kabla haijakatika. Kwenye makali yaliyonyooka hukaa palepale ikakatwa. Ukifungua sanduku, ule wa mguu wa kondoo unapasua utepe wa gundi bila kudunga kilichomo ndani.

Halafu kuna kunoa, na hapa ndipo jozi inapolipa kweli. Bapa mbili zenye kazi mbili zinastahili pembe mbili. Ule mkubwa, unaopambana na mbao na uchafu, upe digrii 20 kila upande. Ulionyooka upe 15, ubaki wa kazi safi. Huna kipimo cha pembe? Pima upana wa ubapa kutoka makali hadi mgongo. Ukiwa milimita 12, katikati ya mgongo iinuke milimita 3 hivi juu ya jiwe kupata digrii 15, na milimita 4 kupata 20. Vipande viwili vya plastiki vya unene huo vitakuongoza mpaka mkono uzoee. Jiwe la chembe 1000 kisha la 3000, lililo laini zaidi, linatosha. Na makali yaliyonyooka ndiyo rahisi kuliko yote kunoa: yalaze, yasukume, hakuna kuinua mpini unapofika kwenye tumbo.

Nakubali, shingo upande, kwamba ncha hiyo ina adha yake. Kisu kikifungwa, ncha iliyo kwenye mstari wa makali huzama ndani kabisa ya mpini. Haichani mfuko, sawa, lakini kama kuna kitu cha kugonga springi, ule mwamba wa chuma mgongoni mwa mpini unaoushikilia ubapa, yenyewe ndiyo itatangulia. Kinachoizuia ni kijino kidogo kwenye shingo ya ubapa, upande wa makali, kinachotua juu ya springi kabla makali hayajafika. Mtu akiona mgongo wa ubapa uliofungwa umechomoza kidogo anachukua tupa na kukisugua kijino ubapa ushuke. Akizidisha, basi. Kila akifunga, chuma kinagonga chuma. Ukikuta makali yamekufa mahali palepale kila mara, au ncha imejikunja ingawa hujaiangusha, usilaumu jiwe: angalia kijino. Na uache kukiachia kisu kijifunge kwa kishindo; kisindikize kwa vidole.

Sasa, nani amewahi kufanya vizuri? Mtindo wa kisu uitwao Trapper, kwa mfano. Klipu ndefu na pembeni yake ubapa mrefu wa spei, wenye ncha butu iliyoinuka kidogo. Spei ilitengenezwa kwa ajili ya kuhasi mifugo, na ubutu wa ncha ni makusudi: mnyama akirusha teke hujamdunga. Huhitaji kuwa na ng'ombe kuufaidi. Ni mzuri kwa kuchuna ngozi bila kuitoboa. Siupendi kama ulionyooka, ila angalau unajibu swali. Bora zaidi kwa mawazo ni TL-29, kisu cha mafundi umeme wa jeshi la Marekani: ubapa wa kukatia, na wa pili ni bisibisi yenye kibanio kinachoufunga ukiwa wazi usikukunjikie vidoleni. Hapo mtu alifikiri.

Na mtindo wa Muskrat? Klipu mbili zinazolingana kabisa, moja kila mwisho wa mpini. Haya, naona mnaojiandaa kunijibu: mchunaji akishughulika na wanyama wengi, mmoja unakuwa butu, anageuza kisu na kuendelea na wa pili. Ni kweli. Ukichuna wanyama wengi kwa siku, nunua Muskrat na usinisikilize.

Jambo la mpangilio nalitaja kwa ufupi, ingawa linaharibu visu vingi. Bapa zilizo mwisho mmoja wa mpini, kila moja na springi yake, hufanya kisu kinene lakini kila ubapa una mvuto wake wa kufunguka. Zilizo miisho yote miwili juu ya springi moja hufanya kisu chembamba, na kwa kuwa zinalala kwenye nafasi moja, fundi hulazimika kuzipinda kidogo shingoni ili zipishane. Akikosea, zinasuguana. Kabla hujanunua, funga zote mbili, elekeza kwenye mwanga, tafuta upenyo kati yake. Mstari uliochubuka ubavuni mwa ubapa ni jibu tosha. Jaribu pia kuingiza ukucha kwenye mfuo wa kufungulia wa kila mmoja wakati mwenzake amefungwa. Wakati mwingine ule mkubwa unauziba wa mdogo, na inabidi ufungue wote wawili kupata mmoja. Kwenye kisu cha miisho miwili hilo maana yake ni ncha tupu inayoelekea kiganja chako.

Chuma chochote kizuri kitafaa. Kaboni hunoleka upesi na hushika kutu upesi. Kifute, tone la mafuta kwenye maungio, basi.

Kwa hiyo mtengenezaji anayekuletea klipu na peni akakwambia ndiyo "asili", mwulize huo mdogo wa nini. Akikujibu kwamba ni wa kazi ndogondogo, mwonyeshe ncha ya klipu.