Ufagio mkononi mwa mfalme

Siku tano baada ya arobaini ya mama, saa tano usiku, nilituma skrinishoti 11 kwenye kundi la familia la WhatsApp. Zote za miamala: pesa za dawa, pesa za vipimo, gari la kumrudisha mama nyumbani Tanga, sanda, mchele wa kisomo. Sikuandika neno chini yake. Mchana wake, kwenye kikao, mdogo wangu alikuwa amesema tusiharakishe kuuza nyumba ya mama, na mimi nikaona nimevunjiwa heshima na mtu ambaye kwenye daftari la michango jina lake limeandikiwa shilingi 20,000.

Hakujibu. Tiki zikageuka buluu, ukoo mzima ukasoma, kimya.

Asubuhi mama mdogo akanipigia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mama yako alikuwa akigeuzwa na nani usiku?"

Nilijua. Kila mtu alijua. Kwa miezi 7 mdogo wangu alilala kwenye mkeka pembeni mwa kitanda cha mama, akaamka kila baada ya saa mbili kumgeuza ubavu asitoke vidonda, akamsafisha, akamwaga beseni, akafua mashuka kabla majirani hawajaamka. Bodaboda aliyokuwa akiendesha ikarudi kwa mwenyewe. Mimi nilikuwa Dar, natuma pesa, na kila nilipotuma nilijihisi mtoto mwema. Kumgeuza mama usiku wa manane hakuleti ujumbe wa muamala.

Tangu asubuhi ile kuna neno la Kisanskriti lisilonitoka kichwani: *ahankara*. *Aham* ni mimi. *Kara* ni kile kinachofanyiza. Kwa hiyo ahankara ni ile sehemu ya nafsi inayofanyiza "mimi", inayochukua kila kinachopita, kiwe tendo, mali, hata sala, na kukipiga muhuri wa jina lake. Kiswahili chetu kina neno linalokaribia sana: umimi. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 3, mungu Krishna anamwambia shujaa Arjuna kwamba mtu aliyepumbazwa na ahankara hudhani, "mimi ndiye mtendaji." Niliposoma aya hiyo niliziona skrinishoti zangu zimepangwa mstari.

Mimi ni Mwislamu na sijabadilika. Lakini hekima hii haikunijia kutoka mbali. Nilikua jirani na duka la vitambaa la bibi mmoja wa Kigujarati, ambaye sote watoto wa mtaa tulimwita Ba, kama walivyomwita wajukuu zake. Jioni, wateja wakipungua, alikuwa akitusimulia hadithi huku anapima vitambaa kwa wari na kuvikunja. Ile niliyoipenda ilikuwa ya watu wawili waliokwenda kumwomba Krishna msaada.

Vita vya Kurukshetra vilikuwa vinakaribia. Duryodhana na Arjuna, watoto wa ndugu wawili na maadui katika vita hivyo, wote wakafunga safari hadi Dwarka, mji wa Krishna, na wote wakamkuta Krishna amelala. Duryodhana alifika kwanza. Akaingia, akaona kiti kizuri mchagoni, akakaa. Arjuna akaja nyuma yake, akasimama miguuni, mikono ameikutanisha. Hapo Ba alikuwa anaacha wari, anasimama, anatuonyesha jinsi Arjuna alivyosimama. Kisha anatuuliza, "Mtu akifumbua macho, anamwona nani kwanza?"

Sote tulijua jibu. Aliyelala haoni aliyekaa nyuma ya kichwa chake, anamwona aliye miguuni. Krishna akasema atawasaidia wote wawili: mmoja achukue jeshi lake zima, mwingine amchukue yeye mwenyewe, bila silaha, na hatapigana. Akampa Arjuna, aliye mdogo na aliyeonekana kwanza, nafasi ya kuchagua. Arjuna akamchagua Krishna. Duryodhana akaondoka na furaha yake, jeshi lote ni lake.

Utotoni nilidhani hadithi hii ni ya adabu tu, kwamba ukienda kwa mkubwa usikae mchagoni. Sasa naiona hivi: Duryodhana hakuwa mjinga wa hesabu. Alihesabu vizuri sana. Kosa lake ni kwamba kila kitu kwake kilikuwa hesabu, na mtu aliyelala pale mbele yake hakuwa kwenye hesabu hiyo. Mimi pia nilihesabu vizuri. Skrinishoti zangu hazikuwa na uongo hata wa shilingi moja.

Na tazama huyo aliyechaguliwa alikwenda kufanya kazi gani. Alikuwa mwendesha gari la farasi la Arjuna. Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India wenye hadithi hii, inasimulia kwamba mchana mmoja, katikati ya mapigano, farasi wamechoka na wamejaa mishale, Krishna aliwafungua, akawachomoa mishale, akawanywesha maji, akawasugua. Mungu wa watu, kwa imani yao, anasugua farasi mbele ya majeshi mawili.

Lakini hadithi inayonishika zaidi siku hizi inatoka Puri, mji wa pwani huko Odisha, mashariki mwa India. Huko kuna hekalu la Jagannath, ambaye kwa waumini wake ni Krishna huyo huyo, lililoanzwa kujengwa karne ya 12, na kila mwaka, kati ya Juni na Julai, sanamu za Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra hutolewa nje na kupandishwa kwenye magari matatu ya mbao yanayotengenezwa upya kila mwaka. La Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14, la Subhadra 12. Hilo la Subhadra linaitwa Darpadalana, maana yake mponda kiburi. Watu huyavuta kwa kamba kiasi cha kilomita 3. Lakini kabla kamba hazijavutwa, mfalme wa Puri, mwenye cheo cha Gajapati, huletwa kwa machela kutoka ikulu, amevaa nguo nyeupe. Anapanda kwenye kila gari, anapewa ufagio wenye mpini wa dhahabu, na anafagia. Anafagia sakafu ya gari, ananyunyiza maji ya msandali, anashuka, anapanda la pili.

Picha hiyo peke yake ingenitosha, ila inasimuliwa kisa juu yake. Katika karne ya 15 mfalme Gajapati wa Odisha, Purushottama Deva, alitaka kumwoa binti wa mfalme wa Kanchi, kusini. Mfalme wa Kanchi akakataa: hamwozi binti yake kwa mtu anayefagia, kazi ya watu wa tabaka la chini kabisa. Purushottama akaghadhibika. Akapigana, akashindwa, akarudi tena, akashinda. Akamteka yule binti, Padmavati, na kwa hasira akamwamuru waziri wake amtafutie mfagiaji amwoze.

Waziri akasubiri. Siku ya magari ilipofika, mfalme yuko juu, ufagio mkononi, waziri akamleta Padmavati mbele ya watu wote: uliniambia nimtafutie mfagiaji, mfagiaji huyu hapa.

Kisa hiki husimuliwa kwa kusifu busara ya waziri, na alikuwa na busara kweli. (Ingawa najiuliza kama kuna aliyemuuliza Padmavati anataka nini.) Mimi nabaki na swali jingine. Kwa nini neno "mfagiaji" lilimuuma mfalme kiasi cha kupeleka watu kufa? Si alifagia kwa hiari, mbele ya umati, kila mwaka? Jibu ninaloliona ni kwamba alikuwa tayari kufagia, hakuwa tayari kuwa mfagiaji. Mbele ya Mungu aliinama. Mbele ya mfalme mwenzake akakumbuka cheo. Laiti angeamini kweli kwamba anayefagia ni mtu sawa na yeye, lile lisingekuwa tusi. Na wafagiaji wa Puri, waliofagia siku zilizobaki za mwaka kwa ufagio usio na dhahabu, walimsikia mfalme wao akienda vitani kwa sababu ameitwa mmoja wao.

Ndiyo maana sikubaliani na namna unyenyekevu unavyohubiriwa kwetu. Nani anaambiwa anyenyekee? Mke, mfanyakazi wa ndani, mkwe mgeni, mdogo wa kuzaliwa asiye na kazi. Wenye nguvu huwahubiria wasio na nguvu, wakisahau kwamba asiye na kiti hawezi kushuka kitini. Ufagio wa Puri una maana kwa sababu mfalme ndiye anayeushika. Ukimpa maskini na kumwambia "nyenyekea," hujamfundisha chochote, umemwongezea kazi.

Wala sisemi kwamba wenye hekima hiyo wameitimiza yote. Mpaka leo asiye Mhindu haruhusiwi kuingia ndani ya hekalu la Puri. Katika karne ya 17 aliishi Salabega, mwana wa ofisa wa dola ya Mughal, watawala Waislamu wa India wakati huo, Mwislamu aliyempenda Jagannath na kumtungia nyimbo ambazo watu wa Odisha wanaziimba hadi sasa. Mlango ulikuwa umefungwa kwake. Inasimuliwa kwamba mwaka mmoja alikuwa safarini, mgonjwa, akaomba asubiriwe, na gari likagoma kusogea, watu wanavuta, halisogei, hadi alipofika. Leo kaburi lake liko kando ya ile barabara kuu, na kila mwaka gari la Jagannath husimama hapo. Mlango wa hekalu una walinzi na sheria zake. Gari linasimama kwa Salabega.

Ba alikuwa na wimbo wa asubuhi, wa Narsinh Mehta, mshairi wa Gujarat wa karne ya 15, ule ambao Gandhi aliupenda na kuufanya sehemu ya sala zake. Nilikuwa nausikia anapofungua duka, bila kuelewa. Mwaka huu ndipo nilipotafuta maana yake. Unasema mcha Mungu ni yule anayeyajua machungu ya mwenzake, anayewasaidia wenye shida, na bado haruhusu majivuno yaingie moyoni. Ni kile kipande cha mwisho. Kusaidia nilisaidia. Kisha nikaupiga picha msaada wangu na kuutuma saa tano usiku.

Nilipanda basi Ijumaa. Nikapiga hodi mlango wa uani, kama tulivyozoea. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo. Aliponiona akasimama, akataka kuniletea kiti cha baba.

"Nitakaa hapa hapa," nikamwambia, nikakaa mkekani.

"Utachafua nguo, dada."

"Nisamehe kwa zile picha."

Akaendelea kumenya. "Yameisha hayo, dada."

Yalikuwa hayajaisha, kisu kilikuwa kinakwenda haraka mno. Ukutani lilikuwa limeegemezwa lile beseni la buluu, limesuguliwa likapauka. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ndani ya basi, nikayaacha. Nikamuuliza, "Usiku ulikuwaje?"

Akamaliza muhogo wa kwanza, akaushika wa pili, akauweka chini.

"Mwanzoni alikuwa akiniita kwa jina lako," akasema. "Nikawa naitika."