Ngome ya Jaisalmer: wakazi wabaki au waondoke?

Rawal Jaisal wa ukoo wa Bhati alianzisha ngome hii mwaka 1156 juu ya kilima cha Trikuta, katika jangwa la Thar, jimbo la Rajasthan nchini India, kwenye njia ya misafara ya ngamia. (Wabhatia, wafanyabiashara wa Kihindi walioshika forodha ya Zanzibar enzi za Seyyid Said, husimulia kwamba asili yao ni ukoo huohuo.) Hadi leo maelfu ya watu wanaishi ndani ya kuta zake za mawe ya manjano, wengi wao vizazi vya waliomtumikia mtawala. Wapo wanaotaka wahamishwe ili ngome ipone.

Hoja yao ni nzito, na inahusu maji. Kilima hiki si mwamba mtupu. Kina tabaka za udongo unaolainika ukilowa. Zamani maji yalitekwa ziwa la Gadisar na kupandishwa kwa mitungi kichwani, na aliyeyabeba hakuyamwaga ovyo. Maji ya mvua yalikuwa na mifereji yake, ghut nali, iliyoyatoa nje upesi. Kisha yakaja mabomba, vyoo vya maji, na gesti zenye bafu. Maji yakawa mengi kuliko mifereji ilivyoweza kuyahimili, yakazama chini ya kuta. Mwaka 1998 ukuta wa nje ulibomoka ukaua watu sita. Agosti 2024 kipande kingine kiliporomoka kwa mvua kubwa. Chini ya kuta hizo kuna mji, kwa hiyo anayesema watu watolewe hasemi hivyo kwa chuki.

Hata hivyo sikubaliani naye. UNESCO ilipoiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2013 pamoja na ngome nyingine tano za Rajasthan, hii ilikuwa na maisha ndani yake: hekalu la Lakshminath lenye waumini wake, mahekalu ya Wajaini (wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India), vichochoro vyenye watoto. Wakazi wenyewe wanalalamika kuwa sheria inawabana. Tangu mwaka 2010 ujenzi umepigwa marufuku ndani ya mita 100 za jengo la kale linalolindwa na serikali kuu, kama ngome hii, na hata ukarabati unahitaji kibali. Nyumba isiyokarabatiwa huvuja, na uvujaji ndio ugonjwa wenyewe.

Ugumu ni kwamba familia na gesti mara nyingi ni nyumba moja: ghorofa ya chini bibi anapika, juu vyumba vinakodishwa. Huwezi kufunga bomba la mgeni ukaacha la mwenyeji. Kwa maoni yangu, mifereji itengenezwe kwanza, halafu wageni wakalale mjini chini, ambako hawako mbali na lolote walilofuata. Wenye gesti walipwe fidia ya kweli, kwa fedha au kwa viwanja huko mjini, na wapewe kabla vyumba havijafungwa.