Sherehe ya kampuni saa tano usiku, na bando langu mwenyewe

Huu mwaka wa nne nafanyia kazi nyumbani, niko Morogoro, bosi yuko California, wenzangu wako Nairobi, Lagos na Manila. Tunajibu wateja kwa chati na email. Kazi naipenda na sina mpango wa kuiacha, ndo maana hili jambo linaniuma, ningekuwa sijali nisingeandika.

Kila Disemba kampuni inaandaa sherehe ya Zoom. Inawekwa saa sita mchana ya California, na Disemba tumewapita masaa 11, yani kwetu ni saa tano usiku, Lagos saa tatu usiku, Manila saa kumi alfajiri. Hebu fikiria mtu wa Manila, katoka kazini, kalala kidogo, anaweka alamu aamke aje kujibu chemsha bongo kuhusu Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani. Mimi mwaka jana nilikaa saa nzima na nusu, maiki imezimwa, watoto wamelala chumba cha pili, bando linaisha na hakuna wa kunirudishia. Kesho yake ikaja email inauliza kwanini watu wengi hawakuwasha kamera.

Kamera! Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 kuhusu huu uchovu wa Zoom, akaeleza kwamba kuangaliwa na sura nyingi kwa karibu vile kunachosha, kujiona mwenyewe muda wote kunachosha, kukaa sehemu moja bila kusogea kunachosha, na ubongo unafanya kazi ya ziada kusoma ishara ambazo ana kwa ana unazipata bila kufikiria. Sasa mtu kashinda kwenye skrini masaa nane halafu burudani unayompa ni skrini ileile. Kuzima kamera hapo sio dharau jamani, mtu anapumua.

Ila sitaki kusema hizi shughuli zifutwe, hapana. Upweke wa kazi ya nyumbani ni kitu halisi, kuna wiki nimemaliza sijaongea na mfanyakazi mwenzangu hata mmoja kwa sauti, ni kuandikiana tu. Tunahitaji kukutana. Shida ni kwamba wanaoandaa wanatuita tuje kuangalia, wakati mtu anajisikia yuko ndani ya jambo pale anapokuwa na kazi yake humo.

Angalia kamati ya harusi. Watu wametoka kazini wamechoka, kikao kinaanza jioni, wanachangia hela zao na bado wanakuja, wiki baada ya wiki, kwasababu huyu ni mweka hazina, yule yuko chakula, mwingine mapambo, mwingine usafiri, na asipofika kuna kitu kitakwama. Msibani vilevile, ukifika tu unakuta sufuria inakusubiri au unatumwa maji, na hata kama ulikuwa humjui mtu pale, mpaka jioni mnaitana majina.

Mwaka huu tumepata kiongozi mpya wa timu, dada wa Nairobi, na naona huyu kalielewa hili bila kuambiwa na mtu. Katugawa watu sita sita. Mara moja kwa mwezi, dakika 45, ndani ya masaa ya kazi, saa tisa alasiri kwetu, ambayo Lagos ni saa saba mchana na Manila saa mbili usiku, wote bado tuko shifti. California wanakuwa wamelala, wao wana kundi lao kwa muda wao. Hela ya bando na ya kununulia kitu cha kula inaingia kwenye simu siku moja kabla. Kamera ukitaka. Na kila mwezi mmoja ana zamu ya kutuonyesha kitu anachokijua kwa mikono yake.

Yule wa Lagos alipika wali wa jollof akatueleza kwanini haruhusu mtu afunue sufuria mapema. Wa Manila, kaka mmoja ambaye miaka miwili sikuwahi kusikia sauti yake, alitutengenezea baiskeli mbele ya kamera, akawa anaongea tu, anaongea, hadi muda ukaisha tukaomba aongezewe. Wiki mbili baadaye nilipata mteja mgumu wa malipo yaliyokatwa mara mbili, zamani ningehangaika mwenyewe hadi usiku, safari hii nikamwandikia yeye moja kwa moja na akanipigia tukamaliza. Hicho ndo kitu kampuni inakitafuta na hizo sherehe kubwa zote.

Kuna ambalo halitibiki kwa Zoom, nalisema kifupi: mshahara ukichelewa hakuna chemsha bongo ya kumrudishia mtu moyo. Na wenye uwezo wakutanishe watu ana kwa ana pia, kampuni ya Automattic, wenye WordPress.com ya kutengenezea tovuti, watu wao wametawanyika duniani na bado wana utaratibu wa kuwakutanisha.

Alhamisi ijayo ni zamu yangu. Ntapika vitumbua, mchele nitauloweka Jumatano usiku, na mama kakubali kukaa pembeni anirekebishe nikikosea moto. Umeme wa LUKU nimeshanunua. Kaka wa Manila kaniomba nimtumie vipimo mapema ili yeye naye apike kwake tukiwa pamoja.